Lucy Larcom na Wasichana wa Lowell

Kanuni za kiwanda zilikataza vitabu, na wasimamizi hawakuwa na mchezo na kanuni. Kwa hiyo msichana mmoja wa chumba cha kusokotea nyuzi alianza kukata mashairi magazetini na kuyabandika pembeni mwa dirisha lililokuwa karibu na mashine yake. Kipande cha gazeti hakikuwa kitabu. Alisoma ubeti mmoja, akageuka kuunga uzi uliokatika, akarudi kwenye ubeti wa pili, na siku zilivyokwenda dirisha likageuka maktaba.

Wenzake walikuja na Biblia. Hawakuamini kwamba Mkristo yeyote angeweza kuihesabu Biblia miongoni mwa vitabu vilivyopigwa marufuku. Walikosea. Msimamizi mmoja alizikusanya zote alizoziona mpaka meza yake ikajaa. Baada ya hapo wasichana wakawa wanachukua kurasa zilizonyofoka kwenye Biblia kuukuu na kuzificha mifukoni. Mashine zikitulia, ukurasa unatolewa. Msimamizi akitokea, unarudi mfukoni.

Msichana wa dirishani aliitwa Lucy Larcom. Alizaliwa tarehe 5 Machi 1824 katika mji wa Beverly, jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Aliingia katika kiwanda cha nguo mjini Lowell akiwa na miaka 11, akatoka akiwa na miaka 22. Baadaye alikuwa mwalimu, mshairi na mhariri wa jarida la watoto, na mwaka 1889 akachapisha kumbukumbu za utoto wake, *A New England Girlhood*. Wanawake wengi wa karne ya 19 walifanya kazi kama yake, ila wachache sana waliacha maandishi yanayoonyesha jinsi kazi, sala na usomaji vilivyobanana ndani ya siku moja. Ndiyo maana maisha yake yanafaa kusimuliwa taratibu.

Beverly ulikuwa mji wa mabaharia. Ng'ambo ya maji tu ilikuwepo bandari ya Salem, ambayo majahazi yake makubwa yalikwenda India, Sumatra na, kuanzia miaka ya 1820, Zanzibar. Baba yake Lucy, Benjamin Larcom, alikuwa nahodha kabla ya kutulia nchi kavu na kufungua duka. Watoto wa mji ule walikua wakisikia habari za pwani za mbali kama watoto wa mashambani wanavyosikia habari za mvua.

Shule yake ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa mama mmoja mzee ambaye watoto wote walimwita Shangazi Hannah. Lucy alipelekwa huko akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Mwalimu alikuwa akisokota nyuzi huku akifundisha. Mtoto alisimama gotini pake, na kila herufi akaonyeshwa kwa ncha ya pini. Mtoto mtundu aligongwa kichwani kwa subana ya kushonea. Kwa njia hiyo Lucy alijua kusoma akiwa bado mdogo mno.

Dini ndiyo iliyoyashika maisha ya nyumba ile. Wakongregesheni wa New England walikuwa warithi wa Wapuritani, na Jumapili yao haikuwa na utani. Michezo ilikoma, kazi za nyumbani zilipunguzwa hadi zile zisizoepukika, na familia ilikwenda ibadani asubuhi, ikarudi tena mchana. Makanisa ya zamani hayakuwa na joto la kutosha wakati wa baridi, hivyo kina mama walibeba visanduku vidogo vya makaa vya kuwekea miguu. Mahubiri yalikuwa marefu, na mtoto alitakiwa kukaa kimya kama mtu mzima.

Lakini Lucy hakuyakumbuka hayo kwa uchungu. Kilichomteka kilikuwa nyimbo za dini. Alizihifadhi kwa wingi bila kulazimishwa na mtu, akizirudiarudia peke yake, na zaidi ya maana alipenda mapigo yake na namna vina vilivyoitana. Kitabu cha John Bunyan kuhusu Msafiri anayeelekea mji wa mbinguni alikisoma kama hadithi ya kweli. Ukimsoma Lucy kwa makini unaona kwamba mshairi alizaliwa kwenye benchi la kanisa, kabla ya kiwanda, na kiwanda kilimkuta tayari ana akiba kichwani.

Kisha baba akafariki, Lucy akiwa bado mtoto. Mama yake, Lois, alibaki na nyumba iliyojaa watoto na kipato kidogo. Mjane wa wakati ule hakuwa na milango mingi ya kubisha. Mmoja ulikuwa umefunguka Lowell, mji mpya wa viwanda ulioko bara kidogo kutoka Boston.

Lowell ulikuwa mradi wa wafanyabiashara wa Boston. Mmoja wao, Francis Cabot Lowell, alizuru viwanda vya nguo vya Uingereza, akaangalia mashine kwa makini na kurudi na maarifa hayo kichwani, kwa sababu Waingereza hawakuruhusu michoro itoke nje. Alifariki mwaka 1817, na wenzake wakaupa mji jina lake. Walichagua mahali ambapo mto Merrimack unaporomoka kwa kiasi cha mita kumi. Mifereji ikachimbwa, kwa sehemu kubwa na vibarua kutoka Ireland, na mwaka 1823 magurudumu ya kiwanda cha kwanza yakaanza kuzunguka. Mahali palipokuwa na mashamba machache pakawa na watu zaidi ya 30,000 ilipofika mwaka 1850.

Nguvu ya maji ilipatikana. Nguvu ya mikono ilikuwa suala jingine. Wanaume wa New England walikuwa na mashamba yao au waliondoka kwenda magharibi kutafuta ardhi, kwa hiyo kampuni zikawageukia mabinti wa wakulima wa Massachusetts, New Hampshire, Vermont na Maine. Wazazi wao walikuwa wamesikia habari za Manchester, jinsi viwanda vya Uingereza vilivyowavunja watu mwili na tabia, na hawakuwa tayari kumtoa binti hivi hivi. Kampuni zikatoa ahadi: kila msichana atalala katika nyumba ya kampuni, chini ya uangalizi wa mama mwenye heshima, mlango utafungwa saa nne usiku, na Jumapili ataonekana kanisani.

Mama wa namna hiyo ndiye aliyekuwa Lois Larcom, na karibu mwaka 1835 akahamia Lowell na watoto wake kusimamia nyumba ya wapangaji. Kila msichana alilipa dola moja na robo kwa wiki kwa chakula na malazi. Hesabu hiyo iliwezekana kwa mama aliyebana mkono. Mama Larcom hakuweza kubana. Aliwapakulia wapangaji wake kama alivyowapakulia wanawe, na mwisho wa mwezi matumizi yakazidi mapato. Mtu mmoja katika familia alipaswa kuacha shule. Lucy alijitolea.

Siku ya kwanza alikwenda akiwa na furaha, kwa kuwa mtoto wa miaka 11 hufurahi kuacha kuwa mzigo. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha bobini: mashine ya kusokotea ikiwa imejaza bobini zake, watoto walizichomoa haraka na kupachika tupu, kisha wakasubiri zijae tena. Zoezi hilo lilifanyika kila baada ya robo tatu ya saa hivi. Katikati walicheza, walisimuliana hadithi, au waliteremka kwa kunyata kwenda kulitazama gurudumu kubwa la maji lililokuwa likiguna gizani chini ya jengo. Harriet Hanson, rafiki yake aliyeanza kazi hiyo hiyo akiwa na miaka kumi, anakumbuka kwamba mtoto alilipwa dola mbili kwa wiki.

Ugumu haukuwa katika uzito wa kazi, bali katika urefu wa siku. Kengele iliwaita kuanza saa 11 alfajiri na kuwaachia saa moja usiku. Nusu saa ilitolewa kwa kifungua kinywa na nusu nyingine kwa chakula cha mchana, na ndani ya nusu saa hiyo mtu alitoka mbio hadi nyumbani, akala, akarudi mbio. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1836 iliwataka watoto wa viwandani walio chini ya miaka 15 wasome angalau miezi mitatu kwa mwaka. Lucy alisoma miezi yake mitatu, akafikia kiwango cha kuingia shule ya sekondari, kisha akarudi kwenye bobini kwa sababu nyumbani fedha ilihitajika. Hamu ya shule ilikaa ndani yake miaka mingi.

Inafaa kuingia chumbani tukaone. Madirisha mara nyingi yalifungwa hata wakati wa joto, maana hewa kavu hukata uzi. Vumbi la pamba lilielea na kutua kwenye nywele, kwenye nguo na kifuani. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba wageni waliziba masikio, na msichana mgeni alilala usiku akizisikia bado. Kuanzia majira ya vuli kazi ilianza na kumalizika kwa mwanga wa taa za mafuta. Mfanyakazi mmoja, Eliza Hemingway, aliiambia kamati ya Bunge la jimbo mwaka 1845 kwamba chumba chake kilikuwa na wanawake wapatao 130, wanaume 11 na watoto 12, na kwamba wakati wa baridi, asubuhi na jioni, ziliwashwa humo taa ndogo 293 na kubwa 61. Taa zote hizo zilikula hewa ile ile waliyovuta watu. Siku ya kuzizima rasmi, majira ya kuchipua yakianza, wasichana waliifanyia sherehe ya dansi.

Lucy alijifunza kuiacha kelele. Anasimulia kwamba ilifika wakati mngurumo wa mashine ukawa kama ukuta, na yeye yuko nyuma yake, peke yake na mawazo yake. Alipopelekwa kwenye chumba cha kutia wanga nyuzi za mtande, akakutana na mashine kubwa ambayo hakuweza kuitawala, aliomba kuhamishwa. Hatimaye alipata nafasi katika chumba cha nguo, mahali pa kupima, kukunja na kuandika hesabu ya majora yaliyokamilika. Kulikuwa kimya, saa zilikuwa chache, na hapo vitabu viliruhusiwa. Miaka yake ya kujisomea kweli kweli ilianzia kwenye kaunta hiyo.

Nyumba ya wapangaji ilikuwa dunia nyingine kabisa. Wasichana sita au wanane walilala chumba kimoja, wawili kwa kitanda, masanduku yao yakiwa chini ya miguu. Baada ya chakula cha jioni meza ziliondolewa vyombo na saa chache za uhuru zikaanza. Mmoja alishona, mwingine aliandika barua kwa mamaye, wengine walisomeana riwaya iliyoazimwa maktaba. Wachuuzi waliingia na viatu na utepe. Baadhi ya nyumba zilikuwa na kinanda kilichonunuliwa kwa michango ya wapangaji wenyewe. Charles Dickens alipopita Lowell mwaka 1842, vinanda hivyo vilimshangaza, pamoja na maktaba za kuazima vitabu na jarida lililoandikwa na wafanyakazi. Aliona kwamba wasomaji wake Uingereza wasingeamini.

Na fedha ilikuwa na maana ambayo ni lazima ielezwe. Baada ya kukatwa chakula na malazi, mwanamke aliyezoea kazi alibakiwa na dola mbili hivi kwa wiki, pengine zaidi kidogo. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha yao wenyewe. Walifungua akaunti katika benki ya akiba ya mji, walilipa deni la shamba la baba, walimsomesha kaka chuoni wakati vyuo karibu vyote vilikuwa vimefungwa kwa wanawake. Harriet Hanson anaeleza kwamba walikuwepo pia wanawake waliokuja kwa majina ya kubuni, wakiwakimbia waume zao, kwa kuwa sheria ya siku zile ilimpa mume haki ya kudai mshahara wa mkewe. Mwanamke wa namna hiyo aliishi akitazama mlango.

Jumapili ndiyo siku pekee mashine ziliponyamaza. Kampuni zilitaka kila mfanyakazi awe na kanisa lake, na utovu wa nidhamu uliweza kumfukuzisha mtu kazi na kumnyima barua ya kuondoka kwa heshima, ambayo bila hiyo viwanda vingine vya mji visingempokea. Kampuni ya Merrimack ilijenga kanisa la Kiepiskopali la Mtakatifu Anna katikati ya miaka ya 1820, na mkuu wake, Kirk Boott, alikata fedha kwenye mishahara kuligharimia. Wafanyakazi wa madhehebu mengine walilalamika sana. Wasichana walitaka kuabudu, lakini walitaka kuchagua wenyewe pa kuabudu. Wakongregesheni, Wabaptisti, Wamethodisti na Wauniversalisti wote walikuwa na makanisa, na kufikia mwaka 1831 Wakatoliki wa Ireland walikuwa na lao, la Mtakatifu Patrick.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi wa historia ya viwanda hulipita haraka. Wenye kampuni waliitumia dini kama uzio, na hilo ni kweli. Lakini wasichana waliifanya dini kuwa mali yao. Msichana aliyesimama kwenye mashine siku sita alikwenda siku ya saba kufundisha darasa la shule ya Jumapili, yaani alikuwa mwalimu mbele ya watu walioitikia neno lake. Kanisani alijifunza kuongoza mkutano, kukusanya michango, kuandika maombi na kusimama hadharani. Lucy mwenyewe alikubaliwa kuwa mshiriki kamili wa kanisa la Kongregesheni akiwa na miaka 13 hivi. Alikubali vipengele vyote vya imani kwa moyo mweupe, na baadaye, alipokua, alijuta kwamba aliweka ahadi juu ya mafundisho mazito ya Kikalvini ambayo mtoto hakuweza kuyapima. Imani hakuiacha. Aliendelea kuitafutia nafasi pana zaidi kwa muda wote wa maisha yake.

Makanisa ndiyo yaliyozaa pia vikundi vya kujiendeleza, ambamo wasichana walikutana jioni kusomeana maandishi yao. Mwaka 1840 mchungaji wa Wauniversalisti, Abel Thomas, aliyakusanya maandishi ya kikundi chake na kuyatoa kama jarida, *The Lowell Offering*. Baadaye lilihaririwa na wafanyakazi wawili, Harriet Farley na Harriot Curtis. Wasichana wa Kongregesheni nao walikuwa na jarida lao, *The Operatives' Magazine*, na huko ndiko Lucy na dada yake Emeline walikoanza kuonekana kwa maandishi. Majarida hayo mawili yaliungana mwaka 1842. Mwaka 1844 mshairi John Greenleaf Whittier, Mkweka na mpinzani mkubwa wa utumwa, alifika Lowell kuhariri gazeti, akahudhuria mkutano wa kikundi na kumsikia Lucy. Urafiki wao ulidumu mpaka Whittier alipofariki mwaka 1892.

Ukiishia hapo utafikiri Lowell ilikuwa bweni la shule. Haikuwa hivyo. Mwezi Februari 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mishahara, na wanawake wapatao 800 wakaacha mashine wakatoka barabarani. Mwaka 1836 zikapandisha gharama ya chakula na malazi, na safari hiyo waliotoka walikuwa zaidi ya 1,500. Harriet Hanson alikuwa na miaka 11. Wakubwa wa chumba chake walisitasita, wakiulizana nani aanze. Yeye akatamka kwamba atatoka hata akiwa peke yake, akaenda zake, na chumba kizima kikamfuata nyuma. Mama yake, ambaye naye alikuwa mjane mwenye nyumba ya wapangaji, alifukuzwa kazi kwa sababu alishindwa kumzuia bintiye.

Kisha akaja Sarah Bagley, mfumaji kutoka New Hampshire. Desemba 1844 yeye na wenzake waliunda chama cha wanawake wafanyakazi cha kudai siku ya saa kumi. Walipeleka maombi yenye maelfu ya sahihi, na Februari 1845 kamati ya Bunge la jimbo iliketi Boston kuwasikiliza. Mwenyekiti wake, William Schouler, alikuwa mmiliki wa gazeti huko Lowell. Wanawake walisimama mbele ya wanaume hao wakaeleza habari za kifua, usingizi na hewa chafu. Bagley aliongeza kwamba mtu anayetoka kazini usiku hana muda wa kuulisha ubongo wake wala roho yake. Kamati ilikiri kuna maovu, ikasema tiba haimo katika sheria. Wanawake hawakuwa na kura, lakini walifanya kampeni dhidi ya Schouler, na katika uchaguzi uliofuata akashindwa.

Kumbukumbu za Lucy haziyapi mambo hayo nafasi kubwa. Aliandika akiwa na miaka zaidi ya 60, na alitaka wasichana wa kizazi kipya waone heshima ya kazi. Haki ya msomaji ni kumsoma pamoja na Bagley. Dirisha lenye mashairi na ushahidi wa taa 293 vilikuwa katika mji mmoja, miaka ile ile, na kimoja hakikifuti kingine.

Liko pia swali la pamba yenyewe. Kila robota lililofunguliwa Lowell lilitoka majimbo ya Kusini, na lilikuwa limepandwa na kuchumwa na watumwa. Baadhi ya nguo nzito za bei nafuu zilizofumwa Massachusetts zilirudi Kusini kuwavika watumwa hao hao. Baadhi ya wasichana waliliona hilo wazi na kutia sahihi maombi ya kupinga utumwa, huku wenye viwanda wakikaa kimya kwa ajili ya biashara. Lucy alikaa nalo moyoni miaka mingi, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akaandika shairi la mwanamke mfumaji anayetambua kwamba nyuzi zilizo mikononi mwake zimetokana na mateso ya mwanamke mwingine.

Nyuzi hizo zilifika hata kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akawasili Unguja kama balozi mdogo wa kwanza. Meli za Salem zilileta merikani, ile nguo ngumu isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Jora la merikani lilikuwa fedha ya safari kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Kwalo mtama ulinunuliwa, hongo ikalipwa, wapagazi wakapewa ujira. Sehemu ya pembe ilikwenda Connecticut kukatwa vibao vya vinanda. Biashara ile iliwaunganisha, bila wao kuonana, mtumwa wa shamba la pamba, msichana wa Lowell na mpagazi wa Unyamwezi. Vita vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 pamba ilikauka, viwanda vingi vya Lowell vikafungwa, na madukani Unguja nguo za Uingereza na Bombay zikaijaza nafasi ya merikani.

Lakini Lucy alikuwa ameshaondoka zamani. Mwaka 1846 alifuatana na Emeline na shemeji yake hadi mbuga za Illinois, akafundisha watoto katika vibanda vya magogo. Huko akajiunga na seminari ya wanawake ya Monticello, akahitimu mwaka 1852, akiwa na miaka 28. Shule aliyoikosa utotoni akawa ameipata. Alirudi mashariki, na kuanzia mwaka 1854 akafundisha katika seminari ya Wheaton, Massachusetts. Mwaka 1855 utenzi wake wa kuwahimiza wahamiaji wapinga utumwa waende Kansas ulishinda tuzo ya dola 50. Kuanzia mwaka 1865 alikuwa miongoni mwa wahariri wa *Our Young Folks*, jarida la watoto.

Hakuolewa. Alikuwa na mchumba katika miaka ya Illinois, mwanamume aliyekwenda California wakati wa kukimbilia dhahabu, na uchumba huo ulivunjika. Mwaka 1863 jarida la *Atlantic* lilichapisha shairi lake la mwanamke anayemkatalia mchumba kwa kuwa msimamo wake kuhusu utumwa ni wa kuyumbayumba. Halikuwa na jina lake, lakini rafiki zake walijua kalamu ni ya nani.

Massachusetts ilipitisha sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto mwaka 1874, miaka 29 baada ya kamati ya Schouler kuwarudisha nyumbani kina Bagley. Mwaka uliofuata Lucy alitoa *An Idyl of Work*, utenzi mrefu unaosimulia maisha ya wasichana watatu wa kiwandani, na ndani yake alikiri waziwazi kwamba siku zile zilikuwa ndefu kupita kiasi. Afya yake haikuwa imara, na aliishi kwa kipato cha kalamu, mara hapa mara pale, akipanga vyumba kama alivyozoea tangu utotoni.

Mwaka 1890, akiwa na miaka 66, alichukua hatua aliyoifikiria kwa muda mrefu. Alikuwa akimsikiliza Phillips Brooks, mhubiri maarufu wa kanisa la Utatu jijini Boston, na akajiunga na Waepiskopali, dhehebu lile lile ambalo Kirk Boott alilikatia fedha kwenye mishahara ya wasichana miaka ya utoto wa Lucy. Safari hii aliingia kwa hiari, mtu mzima aliyeyapima mafundisho yote. Vitabu vyake vya mwisho, *As It Is in Heaven* na *The Unseen Friend*, vilitoka mwaka 1891 na 1892, na vyote vilikuwa vya tafakari za dini. Alifariki Boston tarehe 17 Aprili 1893, wakamrudisha Beverly kumzika.